Podo ya Mke Mkubwa

"Mimi ndiye niliyetangulia! Nyumba yangu ilitangulia, mtoto wangu alitangulia, hata mti wangu ulitangulia. Na huo mti utazaa mpaka wajukuu wa watu fulani waje kuokota kwangu!"

Nyakerario alisema hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya mahema yaliyojaa watu, jeneza la mumewe likiwa nyuma yake. Sisi wa Sironga tumezoea. Mazishi yetu ndiyo redio yetu: anayegombea kiti hutangaza, anayedai shamba hutangaza, na marehemu husubiri zamu yake. Lakini siku hiyo hata mchungaji alikohoa. Maana "watu fulani" alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa ameketi safu ya mbele kwenye kiti cha plastiki, akifuta machozi kwa ncha ya leso: Nyamusi, mke wa pili wa marehemu.

Marehemu mwenyewe, mzee Obwocha, alikuwa mpasuaji mbao. Ujana wake aliumalizia kwenye misitu ya Bonde la Ufa, huko juu kwenye baridi na ukungu, ambako podo humea zenyewe bila kubembelezwa. Alipokuja likizo kumwoa Nyakerario, alibeba mche mmoja kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaupanda pembeni mwa nyumba mpya. Majirani walicheka. Mtu mwenye akili hupanda mkaratusi. Miaka michache tu anauza nguzo. Podo inakua polepole kama kesi ya shamba. Obwocha akasema, "Huu ni mti wa mke wangu. Sipandi kuuza, napanda ionekane kwamba hapa kuna nyumba."

Nyakerario alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Maneno hayo aliyameza mazimamazima na hajayatema mpaka leo.

Mche ulikuwa umepita paa Obwocha aliporudi likizo na kopo jingine, mche mwingine ndani. Nyakerario alilipokea kwa mikono miwili. Husimulia mwenyewe: aliuona mti kabla hajamwona mwanamke, akadhani ni wake. Alikuwa ameshaanza kutafuta pa kuuchimbia alipotokea Nyamusi njiani, na sanduku la bati kichwani, akisalimia kwa heshima zote: "Habari ya hapa, dada mkubwa."

"Dada wa nani?" Nyakerario akauliza.

Basi mti wa pili ukapandwa chini ya mteremko, kwenye nyumba ya pili, na vita vikaanza. Kanisani kwetu Waadventista, Obwocha alifutwa ushirika kwa ajili ya mke wa pili. Nyakerario akabaki mshirika mwema, na kila Sabato alipita mbele ya nyumba ya Nyamusi na kitambaa chake cheupe kichwani, akiimba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Lakini utakatifu hauleti mtu nyumbani. Obwocha, akishakula kwa Nyakerario, alijinyoosha, akapiga mwayo, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa chini. Nyamusi pia alikuwa chini. Aliwaangalia ng'ombe hao mpaka asubuhi, kwa miaka.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini mti ulikuwa kitu kikubwa. Mume alikuwa na miguu, aliteremka. Mti haukuwa na miguu. Mti ulikuwa wa Nyakerario, ulibaki kwa Nyakerario, na ulikuwa mrefu kuliko ule wa chini.

Na ulikuwa mti kweli. Usiichanganye podo na msonobari wa kuleta, ule unaopandwa shuleni ukamwaga sindano chini mpaka nyasi zikafa. Podo ni ya kwetu. Majani yake ni membamba, magumu kidogo kama ngozi, kijani kilichoiva, na hayapukutiki yote kwa mara moja. Kiangazi kinakuta kijani, masika yanakuta kijani. Shina limenyooka kama askari wa gwaride, na gome lake hubanduka vipande vipande kama rangi ya nyumba ya mtu aliyeishiwa. Ukipanda kijiweni kwetu na kutazama nyuma, unaona bahari ya majani chai, migomba, na juu ya hiyo yote vichwa viwili vyeusi: podo ya juu na podo ya chini. Watu walielekezana kwazo. "Ukifika kwa wake wa podo, kata kushoto."

Mwaka wa tatu baada ya mazishi, podo ya chini ilizaa.

Podo ya juu haikuzaa kitu.

Ya Nyamusi ilibeba matunda madogo ya mviringo, ukubwa wa gololi, kijani yakielekea manjano. Kwezi wakahamia huko, popo wakapiga kambi, na kila asubuhi Nyamusi alifagia matunda uani huku akilalamika, kwa ile sauti ya malalamiko ambayo ni majivuno yaliyovaa aproni.

"Dada mkubwa, huu mti utaniua na kufagia! Wako una raha, umetulia tu."

Nyakerario alikuwa upande wa pili wa ua, anachuma mboga za rinagu. Mboga zilizokatwa siku hiyo zilikatwa laini kama tumbaku.

Watu wangesahau, maana matunda ya podo si ya kuliwa na watu, lakini akaja Kaltuma. Kaltuma ana duka la mbegu na pembejeo pale Nyamira mjini, baba yake alilianzisha akiuza nguo kisha yeye akaona wakulima wana shida zaidi ya wavaaji. Siku hizi kila mtu anatafuta miti ya asili: shule zinapanda, makanisa yanapanda, waliong'oa mikaratusi kando ya mito wanatafuta cha kuweka mahali pake. Mbegu za podo hazipatikani ovyo. Kaltuma alikuja kwa bodaboda, gunia begani, buibui limekunjwa kiunoni, akasimama chini ya mti wa Nyamusi akitazama juu kama mtu aliyeona ndugu aliyepotea.

"Mama, haya unayafagia unayatupa wapi?"

"Shimoni."

"Astaghfirullahi. Usitupe tena."

Tangu hapo Nyamusi akawa mfanyabiashara. Alikusanya, akaosha nyama ya tunda, akakausha mbegu kivulini kwenye gunia. Kaltuma alichukua kila msimu. Likaja tangi la maji. Vikaja viti vya sofa na vitambaa vya kufuma vya rangi ya zambarau. Nyakerario aliyavumilia ya sofa, kwani sofa haisemi. Tangi ndilo lililomkondesha. Mvua ya Sironga humwangukia kila mtu, lakini kwa Nyamusi sasa ilikuwa na sauti: ilipiga bati, ikateremka kwenye mfereji, ikaingia tangini kwa kishindo, na Nyakerario, kitandani kwake kule juu, aliisikia ikijaza nyumba ya mwenzake.

"Hata Mungu anateka maji kwa yule," alimwambia Ruth, rafiki yake wa kanisani.

"Usikufuru, Mama Mose."

"Sikufuru, naripoti."

Jambo lililomuudhi kuliko yote ni kwamba mti wake haukukaa bure, ulifanya uchafu. Kila mwaka, matawi yake yalitoa vijiti vidogo vya manjano, vikipasuka vinamwaga vumbi. Upepo ukivuma, vumbi linapaa kama unga wa mahindi na kutua kila mahali: kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria, kwenye kitambaa cheupe cha Sabato. Kisha linateremka mteremko kwenda kwa Nyamusi. Nyakerario alikung'uta nguo zake akiutukana mti: "Wewe kazi yako kunichafulia tu. Mwenzako anazaa, wewe unapiga chafya!"

Akajaribu kila kitu. Aliupa samadi. Aliupa mbolea ya majani chai, yote, chai yake mwenyewe ikabaki na njaa mpaka ikawa ya manjano kuliko vumbi la podo. Alimwita mchungaji aombee shamba lote, akasimama naye chini ya mti muda mrefu kuliko kwenye migomba. Wakati mmoja alishuka kwa Nyamusi akasema wazi kwamba kuna mtu ana jicho, kuna mtu anautazama mti wake vibaya.

Nyamusi alikuwa anachambua mbegu. Hakuinua kichwa. "Dada mkubwa, kwa kazi niliyonayo hapa, nipate wapi muda wa kuutazama mti wako?"

Likawa tusi la mwaka.

Basi ikabaki dawa moja. Kwetu, mti usiozaa hutishwa. Ni jambo la kawaida kabisa. Parachichi nyingi unazokula zilitishwa. Watu wawili wanakwenda kwenye mti. Mmoja ana shoka. Anasema kwa ukali, "Huu mti hauzai, naukata leo!" Analipiga shina kidogo, ngozi ichubuke. Mwingine anaingilia: "Tafadhali usiukate, uusamehe, mwaka ujao utazaa." Mwenye shoka ananung'unika, anakubali, wanaondoka. Mti umesikia. Mwaka unaofuata matawi yanavunjika kwa uzito. Parachichi la Ruth lilitishwa hivyo, na sasa analisha nusu ya Magwagwa.

Sharti ni moja tu: mwenye kuomba msamaha awe wa nyumba hiyo, anayeutakia mti heri.

Nyakerario alimpigia simu mwanawe Mose, mwalimu huko Kenyenya, aje Jumapili. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu, hakuchukua shoka. Alimwita Anyona wa pawa, yaani yule mwenye msumeno wa injini, ili mti uogope kisawasawa. Alipata hata kibali cha kukata, apate kuuonyesha mti kwamba hakuna mzaha. Kibali alikishika juu mbele ya shina, kama mtu anayemwonyesha mdaiwa hati ya mahakama.

Tulikuwa wengi siku hiyo. Jumapili Wakatoliki wako kanisani, lakini sisi wa Sabato tunakuwa hatuna la kufanya.

"Wewe podo," Nyakerario akaanza, "nimekuosha kwa samadi, nimekulisha mbolea. Mume wangu aliyekuleta hapa amelala palee, anaona aibu. Mwenzako wa chini amenunua tangi. Wewe umeninunulia nini? Vumbi! Leo nakukata! Anyona, washa!"

Anyona akavuta kamba. Msumeno ukanguruma. Kuku wakakimbia.

Wote tukamgeukia Mose. Zamu yake.

Mose alikuwa ameinamia simu. Akainua uso, akautazama mti kutoka chini hadi kileleni, akasema kwa utulivu wa mtu anayejenga nyumba: "Lakini mama, kusema kweli, hapa kuna mbao nzuri sana."

"Mose!"

"Nasema tu. Podo haina harufu, haina utomvu, imenyooka. Dari yangu yote inatoka hapo."

"Mose, sema maneno!"

"Maneno gani?"

Na hapo, kabla Mose hajakumbushwa, sauti ikatoka ng'ambo ya ua.

"Dada mkubwa, tafadhali! Usiukate! Uusamehe!"

Alikuwa Nyamusi. Alikuwa amepanda mteremko mbio, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Hakuwa anaigiza. Alilia kweli. "Mzee aliupanda kwa mikono yake. Usiukate, dada. Utazaa mwaka ujao, tafadhali."

Maneno yalikuwa sawasawa, neno kwa neno. Mdomo ndio haukuwa wenyewe.

Nyakerario alimtazama mke mwenziwe, na usoni mwake mambo ya miaka yote yakapanda ngazi moja baada ya nyingine: kopo, sanduku la bati, ng'ombe wa chini, tangi. Ukiutaka msamaha wa mti wako, na anayekuombea ni yule anayekushinda, basi hata msamaha huo ni wake. Mti ukizaa mwaka ujao, atasema nani aliuombea?

"Kumbe hata huu unautaka," akasema polepole. "Mume ulichukua. Mvua ulichukua. Sasa unauombea mti wangu uzae kwa jina lako."

"Yaya, hapana, dada, mimi nina..."

"Anyona, kata."

Anyona akacheka, akijua ni sehemu ya mchezo.

"Nimesema kata!"

Podo ilianguka saa saba mchana, ikachukua migomba mitatu na kona ya choo. Baadaye pakawa na kimya cha ajabu, na mwanga mwingi mno. Nyakerario akasimama palipokuwa na kivuli chake, amekunja mikono, jua likimpiga usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Mose alipata dari yake. Magogo yaliyobaki, Nyakerario aliyapasua nguzo akajenga ua mpya kati yake na Nyamusi, mrefu, asiuone ule mti mwingine. Obwocha angekuwa hai angemwambia: podo ni mbao ya ndani. Dari, mlango, kabati, meza, hapo haina mpinzani. Ukiichimbia ardhini, mchwa huila kama biskuti. Kabla msimu wa mvua haujaisha, ua ulikuwa umelala kifudifudi upande wa Nyamusi, kama unaomba radhi.

Lakini Nyakerario alipata furaha moja, na sitamnyima. Msimu uliofuata, podo ya Nyamusi haikuzaa. Vitunda vilijitokeza vidogo kama punje za wimbi, vikanyauka, vikaanguka. Mwaka wa pili, vilevile. Kwezi wakahama. Popo wakafungasha. Kule juu, Nyakerario aliimba nyimbo za Sabato siku ya Jumatatu.

"Sasa anafagia nini?" alimuuliza Ruth.

Kaltuma alikuja na gunia lake, akakuta uwanja msafi. Akazunguka mti, akavuta tawi, akalitazama kwa muda. Nyakerario alikuwa ameegemea mabaki ya ua, hakutaka kupitwa na msiba huo.

"Mama," Kaltuma akamwambia Nyamusi, "huu wako ni jike. Podo ina dume na jike, kila mmoja mti wake, kama ng'ombe. Jike halizai peke yake. Lazima karibu kuwe na dume la kumwaga vumbi, upepo ulete. Miaka yote ulikuwa unazaa, kwa hiyo dume lilikuwepo. Lile vumbi la manjano, lilikuwa linatoka wapi?"

Nyamusi aligeuka tu, akatazama juu mteremkoni, kwenye kisiki. Kaltuma naye akageuka. Mimi nilikuwa nimeleta mkokoteni wa majani chai, nikageuka. Tukawa wote tunatazama kisiki, isipokuwa Nyakerario, aliyekuwa anatazama mikono yake.

"Lile vumbi," akasema.

"Ndilo, mama. Hizo mbegu zote nilizonunua hapa, nusu yake ilikuwa ya mti wako. Mngekuja pamoja ningewalipa pamoja."

Hapo Nyamusi akaketi kwenye mzizi, akaanza kucheka. Kicheko kilimpanda mpaka kikawa kilio, kikarudi kicheko. Alipopata pumzi akasema:

"Dada mkubwa, maisha yote unanilaumu kwamba mume alilala kwangu. Kumbe kwenye miti alilala kwako, miaka yote, na mimi ndiye niliyekuwa nangoja upepo. Na wewe ukamkata!"

Nilidhani Nyakerario atatukana. Kwa mdomo ule, ningelipa kiingilio. Alikuja tu, akaruka ua uliolala, akasimama mbele ya mke mwenziwe.

"Ungeniambia," akasema mwishowe.

"Ningejuaje? Mimi nilikulilia mti wa mzee tu."

"Nilidhani unautaka."

"Niliutaka, ndiyo. Ulikuwa mrefu kuliko wangu. Tangu nifike hapa na sanduku langu nautazama. Ulidhani wivu ulipewa wewe peke yako?"

Sijawahi kumwona Nyakerario akifurahi kama alivyofurahi kusikia hilo. Alijaribu kuficha, akashindwa. Aliingia ndani kwa Nyamusi, akavuta kiti cha sofa, akakaa juu ya kitambaa cha zambarau, akaomba chai.

Wiki ile ile alivaa viatu vya Sabato akaenda Nyamira mjini, dukani kwa Kaltuma. Nyuma ya duka kuna kitalu, na kwenye kitalu kuna safu za miche ya podo, mirefu kama kiganja na kidole, iliyoota kutokana na mavuno ya mwisho ya Nyamusi. Nyakerario aliinama, akaipapasa majani mmoja mmoja. Watoto wa mti wake hao, hata Kaltuma hakuhitaji kumwambia.

"Nataka dume," akasema.

"Mama, mche hauonyeshi. Utaonyesha ukishakua mti mzima, miaka kumi na tano, ishirini. Hapo ndipo utajua ni dume au jike."

"Nitakuwa na miaka themanini na kitu."

"Inshallah, mama."

Nyakerario akafikiri. Akauchagua ulionyooka kuliko yote, akauweka pembeni. Kisha, bila kumtazama Kaltuma, akauliza kana kwamba anauliza habari za mvua:

"Na Nyamusi, amefika hapa?"

"Jana asubuhi. Alisema anataka dume karibu na mti wake."

"Alichukua mingapi?"

"Mmoja."

"Nipe miwili," akasema Nyakerario, akafungua fundo la leso.

Mche wa podo kwa Kaltuma ni shilingi mia moja na hamsini.